Sanduku la chama lina kufuli tatu: kwani bila Mungu hakuna maadili?

Chama chetu cha kuchanga pesa huku Kaptembwa, Nakuru, karibu kivunjike juu ya swali ambalo wasomi wamebishania kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Tulikuwa tunachagua mweka hazina. Jina lililotajwa ni la kijana mmoja fundi wa simu, mtu wa kuandika kila shilingi, hajawahi kuchelewesha mchango hata siku moja. Mikono ikaanza kupanda. Alafu senge wangu, yaani shangazi, akasimama, akasema kwa ile sauti yake ya chini anayotumia kwa mambo mazito, "Huyu kijana ni mzuri, sina shida na yeye, lakini haamini Mungu, aliniambia mwenyewe. Sasa mtu haogopi Mungu, pesa yetu ataiogopa?"

Watu wakanyamaza. Kijana naye hakukataa, akasema tu, "Ni kweli mama, siombi. Lakini nimewahi kuwaibia?"

Hiyo maneno ilichukua saa mbili na hatukumaliza. Na si sisi pekee. Tangu Julai 2025 ile stori ya kanisa kujengwa ndani ya Ikulu, na kabla yake Novemba 2024 wakati Wakatoliki wa Nairobi walikataa pesa za wanasiasa zilizopelekwa kanisani, kila mahali ni hii hii. Kwa matatu mmoja anasema nchi imeoza juu tumemwacha Mungu. Wa kiti cha nyuma anajibu ati Mungu tuko naye kila Jumapili na kila mkutano unafunguliwa na maombi na bado tunaibiwa, kwa hivyo dini haina kazi. Ukisikiliza vizuri hawajibizani. Kila mtu anajibu swali lake.

Nisema mapema ndio msidhani nawaficha kitu, mimi ni mtu wa kanisa, nimeimba kwaya tangu darasa la sita. Lakini hii fundo nadhani inaweza kufunguliwa bila kumrushia mtu viti.

Tuanze na maneno yenyewe. Maadili ni yale tunasema mtu anafaa ama hafai kufanya, hata kama hakuna askari karibu. Haki ya kijamii ni tofauti kidogo, haiangalii tabia ya mtu mmoja, inaangalia venye maisha yetu yamepangwa: nani anapata maji, nani anapata daktari, nani anakatwa ushuru na nani anasamehewa. Ukimpa jirani gorogoro moja ya mahindi hiyo ni huruma na ubarikiwe sana. Ukiuliza mbona jirani analima mwaka mzima na bado analala njaa, hapo sasa umeingia kwa haki ya kijamii, na hapo ndio watu huanza kukuangalia vibaya.

Kiswahili kimetusaidia sana hapa ila hatukitumii. Dhambi ni kumkosea Mungu. Kosa ni kumkosea mtu. Jinai ni kuvunja sheria ya serikali. Mwiko ni ile kitu watu wenu hawafanyi, Wajaluo wanaita kwer, na ukiivunja chira, ile laana yake, inakufuata hadi kwa watoto. Hizi nne hukutana mara nyingi, kuiba kwa mfano iko zote nne, ndio maana tunazichanganya kama githeri. Lakini kula nguruwe ni dhambi kwa Mwislamu na kwa Msabato na hakuna polisi atakushika. Kupita taa nyekundu saa nane usiku barabara ikiwa tupu ni jinai, na sijawahi sikia pasta akihubiri hiyo. Alafu kuna neno utu, ambalo halijakopwa popote. Mtu akimfungia mtoto wa kambo nje usiku, neno la kwanza kwa mdomo wa majirani ni "hana utu", mambo ya dini yake yanakuja baadaye kama yatakuja.

Sasa ndani ya lile swali la senge kuna maswali matatu yamefungwa pamoja. Moja, je mtu asiyeamini anaweza kuwa mwema? Mbili, je tunaweza kujua mema na mabaya bila kuambiwa na kitabu? Tatu, je hayo mema yanasimama juu ya nini, nani alisema lazima tuyafuate? Watu hujibu la kwanza wakidhani wamejibu la tatu.

La kwanza ni rahisi, na jibu liko kwa sanduku la chama. Letu ni la chuma, rangi ya bluu, lina kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu wa ploti tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo wowote. Mkutano unafunguliwa na maombi, unafungwa na maombi, na katikati ya hayo maombi mawili kuna kufuli tatu. Nani aliziweka? Sisi wenyewe waumini, wakati chama hakikuwa na hata mtu mmoja asiyeamini. Kumbe tulijua kitambo kwamba kumwogopa Mungu ni kitu kimoja na kuachiwa pesa peke yako ni kitu kingine. Na kwa upande mwingine huyo kijana amebebea watu simu zao miaka minne, zikiwa na picha zao na pesa zao, na hatujasikia mtu akilia. Kwa hivyo ndio, asiyeamini anaweza kuwa mwema na anayeamini anaweza kuwa mwizi, hii hata hatuhitaji kusoma.

Kuna uongo mbili hapa nizipitie haraka. Wengine hupenda kusema nchi zikiacha dini zinakuwa safi, wanataja Denmark, ambayo kwa kipimo cha ufisadi cha Transparency International cha 2024 ilipata alama 90 na sisi Kenya 32. Ni kweli Wadenmark wengi hawaendi kanisani. Lakini pia wana mahakama zinazofanya kazi, shule, na mishahara inayofika mwisho wa mwezi, kwa hivyo huwezi kuchomoa dini peke yake useme ndio ilileta tofauti. Wengine wanasema nchi ikimkataa Mungu inageuka machinjio, wanataja Stalin wa Urusi ya kikomunisti, na nchi ya Albania, ambayo 1967 ilijitangaza haina Mungu ikafunga makanisa na misikiti na kuwatesa viongozi wa dini. Hiyo pia ni kweli. Lakini sisi mwanzoni mwa 2008 tuliua zaidi ya watu 1,100 ndani ya wiki chache tukiwa na makanisa kila kona, hapa Nakuru na Naivasha zikiwemo. Hii mchezo ya kuhesabu maiti za upande ule haitakufikisha mahali.

Na ile ya kwamba kutoamini ni kitu ya wazungu? Sensa ya 2019 ilipata Wakenya 755,750 waliosema hawana dini, kwa watu karibu milioni 47.6. Ni wachache lakini wangejaza uwanja mkubwa mara nyingi. Chama chao cha wasioamini kilisajiliwa 2016, mwaka huo huo usajili ukasimamishwa, wakaingia kortini. Halafu 2021 katibu wao akajiuzulu, akasema amempata Yesu. Hiyo nilicheka, lazima niseme ukweli. Lakini hata kabla ya hao, Odera Oruka, yule mwanafalsafa wa Ugenya aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alizunguka vijijini kuongea na wazee wenye busara, wazee wa kawaida wa mashambani, na si wote waliomjibu kama wachungaji. Mmoja wa Embu alimwambia haombi Mungu na pia haendi kwa mganga. Kwasi Wiredu wa Ghana naye aliandika kwamba kwa watu wake Waakan kitu huitwa kizuri kulingana na venye kinawafaa watu, ati kumwamini Mungu wanamwamini sana lakini maadili hawayachoti huko.

Swali la pili sasa, kujua. Hapa wasomaji Biblia wenzangu mnishike mkono twende Warumi 2:14-15, pale Paulo anasema watu wa mataifa wasio na sheria wanafanya kwa asili yao mambo ya sheria, imeandikwa mioyoni mwao. Waislamu wana neno fitra, ile hali mtu huzaliwa nayo ya kuelekea kwa jema. Yaani vitabu vyenyewe vinasema hujangoja kitabu ndio ujue kumpiga mama yako ni vibaya. Waswahili nao walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hiyo methali haijataja mbinguni kabisa.

Hata wanyama wako na kipande cha hii kitu. Kuna utafiti wa 2003 wa tumbili aina ya kapuchini, wawili wamewekwa karibu, kila mmoja akirudisha kijiwe anapewa kipande cha tango, wote wanakula sawa. Alafu mmoja akaanza kupewa zabibu kwa kazi ile ile. Yule wa tango akaanza kukataa, kuna zingine zilikuwa zinarusha tango nje. Mtu yeyote ameona mwenzake wa kazi moja akilipwa mara mbili anajua hiyo hasira bila kuelezwa. Lakini usikimbie sana na hiyo mfano. Tumbili alikasirika juu yeye ndio aliibiwa. Kukasirika juu mwingine ameibiwa, mtu humjui, wa kabila lingine, hiyo ni hatua kubwa na hata binadamu wengi hatujaifika.

Hapa kuna swali la zamani la Socrates wa Athens, ambaye aliuawa mwaka wa 399 kabla ya Kristo, na moja ya mashtaka ilikuwa ati haamini miungu ya mji. Aliuliza hivi: kitu ni kizuri juu Mungu amekipenda, ama Mungu amekipenda juu ni kizuri? Inakaa mchezo wa maneno, lakini muulize dereva wa trela anayepitia Busia kwenda Kigali. Kenya anaendesha kushoto, Uganda kushoto, akivuka mpaka wa Rwanda anahamia kulia. Hakuna upande ambao ni mzuri wenyewe, ni serikali imesema, na ikibadilisha utabadilika. Lakini breki? Breki ikiwa mbovu ni hatari Busia na ni hatari Kigali, hakuna serikali itatangaza breki mbovu iwe salama. Sasa Socrates anauliza, kuua mtu asiye na hatia ni kama upande wa barabara ama ni kama breki?

Ukisema ni kama upande wa barabara, basi Mungu angeamka kesho aseme ueni, ingekuwa sawa, na hakuna muumini namjua anaweza kumeza hiyo vizuri. Ukisema ni kama breki, basi ubaya uko kwa kitendo chenyewe na hata asiyeamini anaweza kuuona. Waumini wengi hujibu kwamba wema ndio tabia ya Mungu mwenyewe, hawezi kuamuru kinyume na alivyo, na mimi nasimama huko. Lakini ona, nikisema Mungu ni mwema lazima nikuwe najua neno "mwema" maana yake ni nini, la sivyo nimesema tu Mungu ni Mungu. Waislamu nao walibishana hii hii huko Basra na Baghdad, kundi la Muutazila wakisema akili inaweza kujua jema kabla ya ufunuo, kundi la Ashaari wakikataa.

Na si ya vitabu tu. Miaka ya arobaini Elijah Masinde wa Bungoma alihubiri kwamba mzungu atoke kwa ardhi, na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walikuwa tayari kufungwa. Makanisa ya wamisionari nayo yalikuwa yanahubiri utii. Wakoloni wakaipiga marufuku hiyo dini 1948. Pande zote mbili zilikuwa na Mungu. Sasa mtu wa Kimilili wa wakati huo angejuaje nani anasema ukweli? Ilibidi aangalie shamba: nani analilima, nani amefukuzwa.

Swali la tatu ndio ngumu, na hapa wasioamini wengi naona huruka haraka sana.

Siku moja saa nne usiku pesa iliingia kwa simu yangu, 6,200, kutoka kwa namba sijui. Mkopo wa simu ulikuwa unanidai ukakata 1,400 papo hapo, kwa hivyo ndio nirudishe zote ilibidi nitoe zangu. Mwenye namba alipiga, ni mama anaongea Kiswahili cha Bungoma, anasema ni karo ya mtoto amekosea tarakimu moja. Sasa niulize, nirudishe kwa nini? Muumini anajibu Mungu anaona. Asiyeamini anajibu mama wa watu atalia, na kusema kweli jibu lake lina utu kuliko langu, juu langu nimejifikiria mimi na adhabu yangu. Nilirudisha, na niliyemfikiria ni yeye na si moto. Lakini sukuma mbele kidogo. Sema simu imezima, huyo mama hutawahi kumjua, hakuna mtu duniani atajua, na wewe uko na njaa. Asiyeamini atasema bado ni vibaya. Sawa, nakubali. Vibaya kulingana na nini? Na nani? Wengine wanasema ni makubaliano, sote tumekubaliana tusiibiane ndio tuishi. Nzuri, lakini makubaliano yanawalinda wenye wanaweza kukurudishia kisasi. Mgonjwa wa akili pale steji, mtoto wa barabarani, hao wana nini cha kuweka mezani? Muumini ana jibu la mkato: huyo ni mfano wa Mungu, kwisha. Asiyeamini anaweza kujibu kwamba maumivu ni maumivu, hayahitaji muhuri, na hilo si jibu la kipumbavu, lakini anakuwa amefika mwisho wa kamba na anasema tu ni hivyo. Ukiniuliza, na mimi pia nikisema "Mungu", mtu anaweza kuniuliza na Mungu je, na nitasema tu ni hivyo. Nadhani kamba yangu ni ndefu kidogo. Kijana wa simu anadhani nimeongeza tu fundo.

Tofauti kubwa zaidi nimeiona mahali pengine. Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa watu wakiwa ndani, wengi kina mama na watoto, walikimbilia huko juu nani atachoma kanisa. Washukiwa wanne waliletwa Mahakama Kuu hapa Nakuru, na Aprili 2009 wakaachiliwa, jaji akisema uchunguzi wa polisi ulikuwa duni. Basi. Muumini anaweza kusema hiyo kesi haijafungwa, kuna siku. Asiyeamini hawezi kusema hivyo, kwake wale watoto walikufa na haki yao ikaishia hapo. Hiyo ni gharama na anafaa kuikubali bila kuzunguka. Lakini sisi nasi tuna gharama yetu, juu hiyo "kuna siku" ndio mlango wa "tumwachie Mungu". Mei 2018 bwawa la Solai lilipopasuka usiku likamaliza zaidi ya watu 40, nilisikia kwa masikio yangu kwa matanga ati ni mapenzi ya Mungu. Mvua sawa, ni ya Mungu. Ukuta wa bwawa ulijengwa na watu.

Na yule jaji wa Kiambaa ni nani? Ni David Maraga, mzee wa kanisa la Wasabato, yule ambaye 2016 akihojiwa awe Jaji Mkuu alisema itakuwa ngumu sana yeye kufanya kazi Jumamosi. Mtu wa Mungu kabisa. Septemba 1, 2017 mahakama yake ikafuta uchaguzi wa urais, na ukisoma sababu hazisimami juu ya aya ya Biblia, ni fomu za matokeo, 34A na 34B, na seva. Imani inawezekana ndio ilimpa mgongo wa kusimama, sijui, lakini sababu alizotoa lazima ziwe zile Mhindu wa Kisumu na kijana wa simu wanaweza kuzikagua. Hapo ndio naona haki ya kijamii inakaa. Katiba ya 2010 yenyewe imefanya hivyo hivyo, utangulizi unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali, na kifungu cha 43 kinakupa haki ya afya, chakula, maji safi na nyumba bila kuuliza unaabudu wapi.

Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Agosti 1990, waziri alimwonya asikanyage Busia ati hatatoka hai. Alienda, na siku hiyo hiyo akafa kwa ajali ya barabara akirudi. Huwezi kuniambia imani haikuwa moto wa huyo mtu. Lakini alichokuwa anasema, wizi wa ardhi na serikali kuonea watu, hakikuhitaji ubatizo ndio ukielewe.

Ama chukua jaboya ya ziwani, mama muuza samaki anaambiwa na mvuvi hakuna samaki bila kulala na yeye. Makanisa yamehubiri hiyo miaka mingi, yakiwaambia waache dhambi zao. Kuna ufuo karibu na Kisumu ambapo kuanzia 2011 kina mama walianza kupata boti zao wenyewe, wakawa wanaajiri wavuvi. Hapo mchezo ulibadilika, kwa muda, hadi ziwa lilipofurika likawafukuza. Mwenye alihubiri na mwenye alileta boti, wote walijua kitu kile kile ni kibaya.

Kwa chama tuliishia hivi. Kijana alipewa kitabu cha hesabu na kura 19 kwa 6, ufunguo mmoja ukaenda kwa senge. Jumapili iliyofuata akafungua kufuli yake, akangoja wengine wafungue zao, pesa ikamwagwa kwa meza, 47,350, ikalingana na kitabu. Senge akaihesabu mara mbili. Lakini pia alikuwa anahesabu mara mbili wakati mweka hazina alikuwa mke wa pasta.